Mng'ao Uko Kwenye Msasa

Mdogo wangu wa Nakuru ameniandikia kuhusu Datsun 160J aliyoachiwa na marehemu baba yake. Injini inawaka vizuri, fundi ameshaikagua, breki ziko sawa. Lakini kila akifungua boneti anasononeka: kava ya tapeti imefubaa, ina madoa meupe, na juu yake kuna mabaki ya rangi ya fedha ambayo mtu aliipaka zamani kwa brashi. Amenunua kopo la Brasso, amesugua Jumamosi nzima, na hakuna kilichobadilika ila vidole kuwa vyeusi. Anauliza anunue dawa gani yenye nguvu zaidi. Wengine pia mmeuliza hivyohivyo kuhusu manifodi na nyumba ya alternata, kwa hiyo leo nawajibu wote.

Usinunue dawa nyingine, dadangu. Hata hiyo uliyonayo iweke kabatini, zamu yake bado. Dawa ya kung'arisha hula chuma kidogo mno. Mkwaruzo unaoweza kuuhisi kwa ukucha, dawa haiwezi kuufuta, hata usugue mwezi mzima. Alumini hung'aa pale mikwaruzo yake inapokuwa midogo kiasi kwamba mwanga unarudi mzima badala ya kutawanyika. Kwa hiyo kazi yako yote ni kuondoa mikwaruzo mikubwa na kuacha midogo, kisha midogo zaidi, na anayeifanya kazi hiyo ni msasa. Ukilikubali hilo, hela zako nyingi utazipeleka kwenye msasa wa namba mbalimbali, na kopo moja la dawa litakutosha kwa muda mrefu.

Nafurahi kwamba ni 160J. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mwaka 1979 na 1980 akiwa na Datsun 160J, na gari hilo bado lina watu wanaolipenda kwa dhati. Injini ya L16 ina bloku ya chuma cha kusubu, lakini kichwa chake na kava ya juu ni aloi ya alumini. Hiyo ni bahati, kwa sababu magari mengi ya siku hizi yana kava ya plastiki, na hapo hakuna cha kung'arisha.

Wewe mwenye gari jingine, hakikisha kwanza una chuma gani mkononi. Baadhi ya vipuri vya injini ni aloi ya magnesi, ambayo kwa macho inafanana sana na alumini. Nyumba ya injini ya Volkswagen Beetle, kwa mfano, ni ya magnesi. Vumbi la magnesi likishika moto huwaka kwa ukali wa kutisha, na ukilimwagia maji unazidi kuuchochea. Kwa hiyo kwaruza sehemu iliyofichika, chini ya kava au upande wa nyuma, mpaka uone chuma kitupu, kisha dondosha tone la siki. Alumini itatulia. Magnesi itatoa mapovu. Ukiona mapovu, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Kisafishe kipuri kwa sabuni, kipake rangi, basi.

Sasa tufungue. Injini iwe imepoa kabisa. Piga picha za mipira na waya kabla hujagusa chochote, kwa sababu mpira wa hewa uliorudishwa mahali pasipo pake utakusumbua kuliko kazi nzima ya msasa. Kama unatoa alternata, chomoa kwanza waya wa hasi kwenye betri. Ukishaitoa kava, kichwa cha injini kimebaki wazi: kifunike kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, juu yake mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Na kazi ya kusugua ifanyie mbali na gari. Usisuguie juu ya injini hata kama ni sehemu ndogo tu, tafadhali.

Nalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu watu huliharakisha. Igeuze kava utazame ndani. Injini nyingi zina bati lililofungwa humo, kazi yake kuzuia mafuta yasifuatane na hewa inayotoka kwenye injini. Nyuma ya bati hilo chembe za msasa hujificha. Ukiirudisha kava ikiwa nazo, mafuta ya moto yatazishusha taratibu mpaka kwenye kemshafti na beringi, na chembe zilezile ulizotumia kuilainisha alumini zitaanza kuzisaga beringi zako. Kama bati limefungwa kwa skrubu, lifungue, lisafishe, lirudishe kazi ikiisha. Kama haliwezi kufunguka, ziba kila tundu kwa seloteipu ngumu kabla ya kuanza, na mwishoni osha ndani kwa mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kikipita kitoke cheupe. Gari la kava iliyofubaa linatembea. Lenye mchanga kwenye mafuta litakuacha njiani.

Kusafisha grisi ni kwa mafuta ya taa na brashi ya plastiki au ya shaba, nje penye hewa, mbali na jiko. Si petroli. Brashi ya waya wa chuma usiitumie, wala stiluulu ya kusugulia sufuria, kwa kuwa huacha vipande vidogo vya chuma ndani ya alumini, na unyevu ukija pale panaanza kuliwa. Kuna watu watakushauri soda kali ya kuzibulia mabomba ya choo, kwamba inang'oa uchafu mara moja. Inang'oa kweli, pamoja na alumini yenyewe, huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Dawa nyingi za kusafishia oveni zina soda hiyohiyo. Rangi ya zamani itoe kwa dawa ya kutolea rangi, ukiwa umevaa glavu za mpira na miwani, na watoto wasiwe karibu.

Kava ya kusubu haikuzaliwa laini. Ipapase, utahisi vipele na mstari mahali ambapo pande mbili za kalibu zilikutana. Mstari huo upunguze kwa tupa laini. Kisha anza na msasa namba 120 au 180, mpaka vipele viishe. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi wanapochoka na kurukia namba ya juu. Usiruke. Ukitoka 180, nenda 240, halafu 320, 400, 600, 800, 1000, na ukipenda 1200. Kuanzia 320 tumia msasa wa maji, ule wa mafundi wa rangi za magari, na tone la sabuni ya vyombo kwenye ndoo. Bila maji alumini huziba msasa haraka, na msasa ulioziba huchimba mikwaruzo mipya.

Ujanja wa kujua kama namba moja imekwisha kazi ni huu: kila ukibadilisha namba, badilisha na mwelekeo. Kama 240 uliisugua kwa urefu wa kava, 320 isugue kwa upana. Suuza ule ujiuji wa kijivu, futa, kisha inamisha kava juani ili mwanga uje kwa mshazari. Mistari yoyote inayokatiza ile unayoisugua sasa ni mabaki ya namba iliyopita. Endelea mpaka isionekane hata mmoja, ndipo uende mbele. Mkwaruzo wa 180 uliobaki chini utajificha mpaka siku ya dawa, kisha utajitokeza katikati ya mng'ao, na itakubidi urudi nyuma namba zote. Maji ya ndoo yabadilishe kila namba pia, maana chembe moja kubwa iliyobaki humo inaharibu kazi ya saa nzima.

Herufi zilizoinuka juu ya kava zistahi. Funga msasa kwenye kibao kidogo kilichonyooka, uzisugue juu tu, ili kingo zake zibaki kali. Ukizisugua kwa kidole zitaviringika na kuonekana zimeyeyuka. Yale mabonde kati ya herufi mimi sipendi kabisa kuyang'arisha. Yapake rangi nyeusi inayovumilia joto la injini, iache ikauke vizuri, kisha pitisha msasa juu ya herufi mpaka alumini itoke. Zitasomeka vizuri kuliko zikiwa rangi moja na bonde lake.

Lakini uso wa chini, ule unaokalia gasketi, usiuguse kwa msasa wala kwa mashine. Umetengenezwa ukiwa bapa, na ukiuviringisha kingo kidogo tu, mafuta yatavuja. Gasketi ya zamani itoe kwa kipande cha plastiki ngumu, na nunua mpya.

Ukifika 1000 alumini itakuwa na rangi ya fedha tulivu, bila kung'aa sana. Sasa ile Brasso itoe kabatini, au Autosol kama unayo, na kitambaa cha pamba. Sugua eneo dogo kwa nguvu mpaka dawa igeuke nyeusi, futa, rudia. Kwa mkono peke yake utapata mng'ao mzuri sana, na kwa kava moja sioni haja ya kununua mashine.

Anayetaka kung'arisha vipuri vingi atahitaji grainda ya mezani iliyofungwa magurudumu ya kung'arishia. Gurudumu la kwanza ni la mkonge, huu huu wa Tanga, kwa sababu nyuzi zake ni ngumu na zinashika kampaundi ya kahawia inayokata. Baada yake linakuja la pamba lililoshonwa, na mwisho la pamba laini na kampaundi nyeupe. Kila gurudumu na kampaundi yake, usichanganye. Grainda ya mezani huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika, inatosha. Ile grainda ndogo ya mkononi huenda mpaka 11,000, na gurudumu la kitambaa ambalo halikutengenezwa kwa kasi hiyo linaweza kusambaratika usoni mwako.

Mtandio, rasta, mikono mipana ya dera, bangili, pete, kamba ya kitambulisho shingoni: vyote vivuliwe au vifungwe nyuma kabla hujawasha. Usivae glavu za kitambaa, kwa sababu gurudumu likikamata uzi mmoja linauvuta mkono. Kipuri kiguse gurudumu chini ya katikati yake, likiwa linazunguka kushuka kutoka kwako, na kingo zielekee chini, zisilikabili. Gurudumu likikamata ukingo litakitupa kipuri sakafuni kabla hujajua kilichotokea. Vaa miwani na barakoa. Na grainda uliyokuwa unanolea panga au chuma chochote usiitumie kwa alumini bila kuisafisha kabisa, maana vumbi la alumini likikusanyika na vumbi la chuma chenye kutu, cheche moja inaweza kuwasha moto mkali usiozimika kirahisi. Vumbi lisilundikane, na lile lililolowa usilifungie kwenye kopo lenye kifuniko, kwa kuwa hutoa haidrojeni polepole.

Weusi wa kampaundi unaobaki kwenye pembe huondoka kwa unga laini wa mahindi na kitambaa kikavu. Unga hunyonya mafuta ya kampaundi bila kukwaruza.

Mmeniuliza pia kuhusu vanishi ya kuzuia kufubaa. Kwa sehemu za injini mimi nasema hapana. Joto huifanya iwe ya njano, kisha inabanduka vipande, na ili kuisahihisha lazima uitoe yote. Alumini tupu itafubaa taratibu, lakini dakika chache za dawa zinairudisha. Nakuru hewa ni kavu, kwa hiyo utaigusa mara chache tu kwa mwaka. Ninyi wa Mombasa, Tanga na Unguja hewa ya chumvi itawachosha. Kwenu napendelea mwishie 600, mkisugua mistari yote upande mmoja. Utulivu ule wa fedha unapendeza, hauoneshi kila alama, na unafufuliwa kwa msasa mmoja tu.

Kurudisha ni kazi ya mikono myepesi. Gasketi mpya, uso safi na mkavu, bolti zote zishike kwa vidole kwanza, halafu uzikaze kidogokidogo ukianzia katikati kwenda nje kwa kupishana. Kitabu cha gari kitakupa kiasi cha kukaza. Ni kidogo kuliko unavyodhani, na nyuzi za kwenye alumini hung'oka upesi. Washa injini, iache ipate moto, kisha zungusha kidole kuzunguka ukingo ikishapoa. Rudia baada ya siku mbili tatu za kuiendesha. Ukikuta unyevu wa mafuta, usikimbilie kuongeza nguvu kwenye spana. Fungua kava, angalia kama gasketi imekaa ndani ya njia yake, na kama kuna chembe yoyote iliyobaki chini yake.