TUSALIMIANE NAMNA GANI MU MWEZI WA KUMI NA MBILI?



Konje ya Noeli inakaribia. Kama kila mwaka, tutaandika salamu ku ubao wa kila darasa, na siku ya kupewa pointi tutazisema mbele ya wazazi. Mara hii tumeona ni vizuri tufanye somo juu ya salamu hizo, kwani masomo yetu ni ya Kiprotestanti lakini watoto wanaoketi humu si wa kanisa moja, wala si wa dini moja. Na si kwetu tu Bel-Air. Kwa mapatano ya mwaka 1977 serikali ya Zaire ya wakati ule ilirudisha masomo mikononi mwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu wakafuata baadaye. Lakini mzazi mara nyingi anaangalia kwanza umbali, bei na nidhamu.

Wengi wetu tunafikiri kila Mukristo wa Kongo anafanya Noeli tarehe 25 Desemba. Hapana. Kanisa la Kimbangu, tangu karibu mwaka 2000, linaifanya tarehe 25 Mei. Na Simon Kimbangu si mugeni kwetu: alifungwa mu muji huu, wakati uliitwa Elisabethville, na akakufa hapa tarehe 12 Oktoba 1951. Ukimwambia rafiki Mukimbangu "Noeli njema" mu Desemba, atakuitikia kwa adabu, atasema aksanti. Lakini mwezi wa tano ukifika, nani anamukumbuka? Anavaa nguo zake za kijani na nyeupe, anapita, na sisi tunamuuliza kama iko ndoa kwao. Hapo ndipo tunakosa, si mu Desemba.

Mashahidi wa Yehova nao hawafanyi Noeli hata kidogo, wala mwaka mupya. Usimusukume mutu aseme neno ambalo zamiri yake inakataa, kisha darasa lote lianze kumucheka. Mutakie konje njema. Inatosha.

Kwa Waislamu jambo ni lingine. Mwaka wao unafuata mwezi wa mbinguni, kwa hiyo Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka wetu. Ndiyo sababu mwaka 2000 Idi ya kumaliza mufungo ilikuja mara mbili, mwanzo wa Januari na tena siku chache tu baada ya Noeli. Kwa hesabu ya mwezi, mwaka 2033 itakaribia tena hivyo. Kwa sasa haiko mu Desemba, basi kumwambia Muislamu "Idi Mubarak" leo, eti kwa kuwa sisi tuko na sikukuu, ni kama mutu akutakie Pasaka njema mwezi wa nane. Ungoje siku yake. Watu wa Afrika ya Magharibi wanaofanya biashara mu muji wetu, Idi ya kuchinja wanaiita Tabaski. Ukiwaambia "Bonne fête ya Tabaski" utaona namna uso unafunguka.

Wengine wametuuliza: Mukristo akisema "Idi Mubarak", hajakana imani yake? Tunajibu hapana. Mubarak ni "yenye kubarikiwa". Ni ndugu ya neno baraka, ambalo tunaliimba kila Siku ya Mungu, na limetoka ku Kiarabu kama vile heri na salamu. Mutu anayekutakia siku njema hakukuomba usali pamoja naye. Mutume Paulo mu Waroma 14 anazungumza juu ya mutu anayeheshimu siku moja kupita nyingine na mwenzake anayeziona zote sawa, hakuwaagiza wadharauliane.

Tena wazazi wetu wanajua uchungu wa sikukuu isiyotambuliwa. Mwaka 1974 serikali ya Zaire iliondoa Noeli mu siku za kupumzika. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Noeli haikukufa: watu walitoka kazini wakaenda kanisani. Lakini mutu aliyeona hivyo ataelewa haraka mutoto Muislamu anayekuja masomo siku ya Idi na hakuna hata mumoja anayemwambia neno.

Sasa, wako wanaosema tuache kabisa kutaja Noeli ku ubao, tuandike "Sikukuu njema" tu, ili tusimuumize mutu. Sisi hatukubali. Neno hilo ni zuri kwa mutu usiyemujua, njiani ama ku duka. Lakini kwa mwenzako ambaye umeketi naye tangu Septemba ni uvivu: unajua jina lake, unajua kwao, na sikukuu yake hujui? Na kuficha Noeli yetu hakuongezi heshima kwa mutu. Kwa maoni yetu, mbele ya wazazi iandikwe hivi: "Konje njema kwenu wote, na Noeli njema kwetu tunaoisherehekea." Konje ni ya kila mwanafunzi, hata ya prefe.

Bonane nayo inaunganisha watu wengi. Tarehe 1 Januari watoto wa avenue wanapita nyumba kwa nyumba wakiita "Mama, bonane!" na hawaulizi mwenye nyumba anasali wapi. Ku Zanzibar watoto wanafanya karibu vile vile siku ya Idi, wanaomba "mukono wa Idi" na kupewa feza kidogo.

Kazi ya kufanya mbele ya konje: kila mwanafunzi amuulize jirani yake wa darasa, kwa upole, sikukuu kubwa ya kwao ni gani, inakuja lini, watu wanasalimiana namna gani na jibu lake ni nini. Asiyetaka kujibu aachwe. Muandike ku karatasi, bila jina la mutu, mumupe mukubwa wa darasa. Tutazipanga mwezi kwa mwezi, tangu Januari, mu kalenda ya gazeti letu.