Gari Lizimikalo Likisimama: Sababu Zake na Dawa Yake

Biliqo, katika kaunti ndogo ya Merti huko Isiolo, ni mahali ambapo gari huwa msaada wa watu wengi, ijapokuwa mwenyewe ni mmoja. Ndilo lipelekalo mbuzi sokoni na kuleta unga na sukari. Na mgonjwa akizidiwa usiku, ndilo limchukualo hospitalini. Kwa hiyo gari lizimikalo kila lisimamapo si jambo la kupuuzwa. Kila kuliwasha tena hula nguvu za betri, na betri ikiisha nyikani safari imekwisha. Tena, injini ikizimika, usukani na breki za magari mengi huwa nzito ghafula, na kuteremka ukingo wa mto mkavu huwa hatari.

Kwa nini huzimika

Madereva wengi hushangaa kuona gari likienda vizuri njiani, kisha likafa likisimama. Mwendoni injini huvuta hewa na mafuta kwa wingi, na upungufu mdogo hauonekani. Lakini dereva aondoapo mguu, injini nyingi za petroli hubaki na mizunguko kama 700 hadi 900 tu kwa dakika, nazo hupata chakula chao kupitia kijitundu chembamba. Kijitundu hicho kikizibwa na taka, au hewa ikiingia mahali pasipo pake, injini hukosa nguvu ya kujizungusha.

Jinsi ya kutafuta sababu

Kabla ya kununua kitu chochote, dereva na aliweke gari mahali pa wazi, avute breki ya mkono, aondoe gia, na kuhakikisha hapana moto wala sigara karibu. Kisha afuate mambo haya kwa utaratibu.

1. Chujio la hewa. Lita 1 ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa ili iungue vema. Katika nchi ya vumbi, hewa hiyo yote hupita na mchanga wake. Chujio la karatasi likungutwe polepole, na likipulizwa, lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Lisioshwe kwa petroli. Magari ya kale yenye chujio la bakuli la oili yamwagwe oili chafu na kutiwa safi.

2. Mipira ya hewa. Joto hupasua mipira midogo iliyounganishwa na injini. Injini ikiwa inazunguka, sikiliza kama pana sauti ya kufyonza, kisha nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio ya mipira, si kwenye nyaya. Mlio wa injini ukibadilika, ufa upo hapo. Ikiwa injini hufa hasa breki ikanyagwapo, uchunguzwe kwanza mpira mnene uendao kwenye breki.

3. Mafuta. Petroli iliyokaa katika mitungi huweza kuwa na maji au taka. Itiwe kidogo katika chupa safi na kuachwa itulie. Maji, kwa kuwa ni mazito, yatakaa chini. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo, na udanganyifu wa kuyachanganya na mafuta ya magari ulienea hata serikali ya Kenya ikaweka, mwaka 2018, ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia.

4. Kabureta. Kijitundu cha mafuta ya mwendo wa polepole kifunguliwe na kupulizwa kwa pampu. Kisichokonolewe kwa waya wala sindano, kwa maana kikipanuka hakirekebishiki. Magari ya siku hizi hayana kabureta. Kwayo, pasafishwe masizi kwenye mlango wa hewa, pamoja na kifaa kinachopimia injini hewa wakati gari limesimama.

5. Plagi. Plagi nyeusi yenye masizi makavu huonyesha kwamba mafuta yamezidi hewa. Isafishwe, na ikiwa imelika ibadilishwe.

Lori la dizeli halina plagi za kuwashia moto wala kabureta. Kwa hilo, maji yamwagwe chini ya chujio la mafuta, na bomba za mafuta zichunguzwe kama zinavuta hewa.

Dawa ya uongo

Wako wanaoikaza skrubu ya mwendo ili injini izunguke kwa kasi zaidi, na kusema gari limepona. Hawakuliponya, wameuficha ugonjwa. Mafuta huliwa zaidi kila siku, na ufa wa mpira huendelea kupanuka. Skrubu hiyo huguswa mwisho, baada ya mengine yote kusafishwa, na injini ikiwa imepata moto wake wa kawaida. Agusaye na ahesabu mizunguko ya skrubu, ili aweze kuirudisha ilipokuwa.

Kukunguta chujio na kusikiliza mipira hakuhitaji fedha, bali subira ya asubuhi moja. Dereva wa mahali pa mbali afanyaye hivyo kila wiki atapunguza sana hatari ya kukwama njiani na mgonjwa garini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.