"Kituo kisicho na mtu": somo fupi la tafsiri kutoka Hokkaido

Kijapani kina neno mujin-eki. Mu ni kutokuwepo, jin ni mtu, na eki ni kituo cha treni, kile ambacho sisi wa Lubumbashi tunakiita gare. Ukiunganisha vipande hivyo unapata "kituo kisicho na mtu", na wengi wangeishia hapo. Lakini abiria wapo. Asiyekuwepo ni mfanyakazi: hakuna mwuza tiketi, hakuna mkuu wa kituo. Ndiyo maana napendelea "kituo kisicho na wahudumu", hata kama ni kirefu.

Basi, nauli inalipwa wapi? Ndani ya treni, ambayo mara nyingi ina dereva peke yake. Abiria akipanda huchukua kikaratasi chenye namba. Mbele kuna ubao unaoonyesha nauli ya kila namba. Akishuka hutia pesa katika sanduku lililo karibu na dereva. Treni ya namna hiyo huitwa wanman, maneno ya Kiingereza ya "mtu mmoja" yaliyovishwa sauti za Kijapani. Kituo hakina mtu, treni ina mmoja.

Sasa nije kwenye kosa lililonifanya niandike. Mwanzoni mwa 2016 habari ilienea duniani kwamba kituo cha Kami-Shirataki, kwenye reli ya Sekihoku katika kisiwa cha Hokkaido, kiliachwa wazi kwa ajili ya msichana mmoja tu, mpaka amalize shule ya sekondari. Watu walilia. Lakini vituo vyenye jina Shirataki vilikuwa vinne: Kami-Shirataki, Shirataki, Kyu-Shirataki na Shimo-Shirataki. Kami ni juu, shimo ni chini, kyu ni ya zamani. Mwanafunzi huyo alikuwa akipandia Kyu-Shirataki, si Kami-Shirataki, ambako treni ilisimama mara moja tu kwa siku kila upande.

Mtu asiseme ni jambo dogo. Hapa kwetu, ukiondoa "Haut" katika Haut-Uele, au ukiweka "Bas" mahali pake, umemhamisha mtu mkoa mzima. Kiambishi cha jina la mahali ni anwani.

Na ile sababu je? Vituo vitatu, vyote isipokuwa Shirataki, vilifungwa tarehe 26 Machi 2016 kwa uchache wa abiria. Machi ndio mwezi ambao kampuni za reli za JR hubadilisha ratiba zao kila mwaka, na mwaka wa shule wa Kijapani nao huishia Machi. Tarehe mbili zilikutana, wasimulizi wakaziunganisha kwa neno "ili". Kwa maoni yangu kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza: jina unaweza kulihakikisha kwenye ramani, lakini "ili" huingia kimyakimya, na msomaji hulipenda.

Wenzangu wa mwaka wa pili wajaribu kutafsiri kyu. "Shirataki ya Kale" inanipeleka kwenye magofu; "Shirataki ya Zamani" iko karibu zaidi.

Shirataki yenyewe ingali ipo. Ukitoka hapo kuelekea Asahikawa, kituo kinachofuata, Kamikawa, kiko mbele kilomita 37.