KABLA YA KUSEMA CHIPU IMEKUFA



Wengi mumetuuliza sababu gani kengele ya umeme haijalia bado, na nani aliunguza chipu. Tunajibu yote mawili hapa, juu tulisema neno moja mbele ya watu na neno lile halikuwa kweli.

Kwanza kitu chenyewe. Kibao cha kengele tulikichora sisi wenyewe, tukakitia katika dawa inayokula shaba. Katikati yake kuna mikrokontrola ATmega328P, mdudu mweusi wa miguu 28. Unaiandikia programu, inaishika hata umeme ukiondoka. Ukoo wake, AVR, ulianzia Trondheim, kule Norwe, mikononi mwa wanafunzi wawili, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Tunawataja kwa wale wanaotucheka kama mambo haya si ya wanafunzi. Kwa kuiandikia tunatumia kibao cha Arduino: ordinatere inaongea na Arduino, na Arduino inaongea na chipu kwa nyaya sita.

Ijumaa jioni sisi wafinalisti tulianza kuandika, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Ordinatere yetu ni ya zamani, batri yake ilishakufa, ikazimika palepale. Jumamosi mdogo wetu mmoja wa darasa linalotufuata akalehemu upya mguu uliolegea. Jumatatu ordinatere ikatuonyesha 0x000000. Kila aina ya chipu iko na namba yake, na ya hii ni 1E 95 0F. Sifuri tupu ni kusema hakuna aliyejibu. Tukasema: moto wa chuma umeiua. Jina la yule mdogo likaingia katika daftari la makosa, na akaambiwa alete pesa za chipu ingine. Yeye alisema tu, "Miye hapana kuunguza. Nilishika chuma sekunde tatu." Hatukumsikiliza. Ni sisi wenye daftari, unajua.

Mwalimu wa fizikia hakubishana. Aliuliza: "Mumepima nini?" Hatukuwa tumepima kitu.

Basi tukapima. Voltimeta haiwekwi penye batri, inawekwa juu ya miguu ya chipu yenyewe, maana kati ya batri na mguu njia inaweza kukatika. Miguu inahesabiwa kutoka juu, pengo likitazama mbele: unashuka kushoto, unapanda kulia. Ukigeuza kibao, hesabu nayo inageuka, na hapo wengi wanapotea. Mguu wa 7 na wa 20 lazima vipate volti 5, wa 8 na wa 22 ni ardhi. Tulipata 5 kamili. Mguu wa 1, ule wa kuanzisha upya, unashikwa juu na rezistansi ya kilo-omu 10, na unashuka sifuri Arduino inapoanza kuandika. Ulishuka. Kisha nyaya: 17 ni MOSI, 18 ni MISO, 19 ni saa ya mazungumzo. Wiki ya kwanza tulizipishana 17 na 18, tukifikiri mdomo wa mmoja unakwenda kwa sikio la mwingine. Hapa sivyo, jina linafungwa na jina lake. Tukatazama pia kondensata ya mikrofaradi 10 kwenye Arduino, inayoizuia isijianzishe upya ordinatere inapoiita. Yote sawa. Na ile lehemu ya mdogo wetu ilikuwa safi kushinda zetu zote, tunakiri.

Ilibaki saa ya ndani, na huko njo kosa lilikuwa limejificha. Chipu ikitoka kiwandani inatembea kwa saa yake yenyewe, megahezi 8 zilizogawanywa kwa 8, yaani megahezi 1. Lakini Ijumaa, katika orodha ya vibao, tulichagua Arduino Uno na kuagiza programu ya kuanzia. Uno inatembea kwa saa ya nje ya megahezi 16. Amri ile, mbele ya kuandika programu, inaiambia chipu: toka leo fuata kioo cha nje. Kibao chetu hakina kioo. Chipu ikatii, ikaanza kungojea kitu kisichokuwapo. Ordinatere ingetuambia ileile Ijumaa, lakini umeme ulikatika mbele ya sisi kusoma jibu.

Tulitoa kioo cha megahezi 16 katika kibao kibovu, tukakiweka kwa mguu wa 9 na wa 10, na kondensata mbili za pikofaradi 22 kwenda ardhi. Tukaagiza tena: 1E 95 0F. Watu walipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Tukarudisha namba za kiwandani (62, D9, FF), tukatoa kioo, na chipu ikaendelea kujibu.

Jina la mdogo wetu tulilifuta Jumatano, mbele ya darasa lake, na pesa alizokuwa ameshaleta alirudishiwa. Sasa yeye njo anashika chuma cha kulehemu.

Kengele yenyewe ingali na tatizo: kila umeme ukikatika inasahau saa, inaanza tena sifuri. Tunatafuta chipu ya saa yenye batri yake ndogo. Mwenye redio au mashine iliyokufa nyumbani asitupe, atuletee.