Anza na Kaya Moja

Wadogo zangu wa Songea, wengi mnaniuliza muanzie wapi mkitaka kujitolea kusaidia wenye shida. Mnadhani lazima kwanza upate hela, fulana yenye nembo na kikundi chenye akaunti benki. Hapana. Anza mtaani kwako, iwe Lizaboni, Mfaranyaki au Ruhuwiko, na kaya moja tu.

Mwone kwanza balozi au mwenyekiti wa mtaa. Yeye ndiye anayejua ni bibi gani analea wajukuu peke yake, na wewe ukipitia kwake utapokewa bila wasiwasi. Ukifika, acha mahubiri. Uliza: "Bibi, kazi gani imekuelemea?" Pengine unga si shida yake kabisa, mahindi anayo guniani, ila hana wa kuyapukuchua na kuyafikisha mashineni. Pengine macho yamefifia, anataka asomewe tarehe ya kliniki kwenye kadi, kisha apate wa kumsindikiza hadi hospitali ya mkoa, Homso, na kukaa naye foleni. Hiyo ni asubuhi yako moja, na kwake ni mzigo wa mwezi mzima umetuliwa.

Picha usipige. Hili linaniuma sana. Mtoto wa watu anasimamishwa na mche wa sabuni mkononi ili mtu apate cha kuweka statasi, na Jumatatu anaingia darasani wenzake wameshaiona.

Usiahidi usichokiweza, hasa mambo ya TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini. Kaya za walengwa huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara, wewe huwezi kumwingiza mtu. Unachoweza ni kumjulisha bibi siku ya mkutano, ukamshika mkono mkaenda wote.

Na ukiona mtoto ana alama za kipigo, usijifanye mpelelezi. Mweleze afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ni bure. Baada ya hapo funga mdomo. Habari za nyumba ile hazina kazi kijiweni.

Chagua siku unayoimudu, uishike. Mgeni wa Krismasi anapendeza, lakini Januari na Februari, watu wote wakiwa kwenye palizi na akiba ya chakula ikipungua, ndipo mgonjwa na mzee wanapobaki peke yao kutwa nzima. Mdogo wangu, wiki hii pita kwa balozi wako.