Kabla na Baada ya Upasuaji wa Kifundo cha Mguu
Kijitabu cha mgonjwa na wanaomuuguza

Upasuaji wa kifundo kilichovunjika kwa kawaida huchukua saa 1 hadi 2. Kupona huchukua miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo mgonjwa huimaliza nyumbani: kitandani, chooni, jikoni, kwenye ngazi za mlangoni. Kwa hiyo kijitabu hiki kinasema machache kuhusu chumba cha upasuaji na mengi kuhusu nyumba. Kimeandikwa kwa aliyevunjika kwa ajali ya bodaboda, kuteleza kwenye matope au kuanguka kutoka juu ya mti, na pia kwa ndugu atakayemuuguza. Kisomeni pamoja. Pale daktari wako alipokuelekeza tofauti na yaliyomo humu, mfuate daktari, kwani yeye ameiona picha ya eksirei yako.

Kwa nini usifungwe hogo tu?

Swali hili huulizwa karibu kila wodi ya mifupa, na ni swali la haki, maana upasuaji una gharama na hogo ni nafuu. Kifundo ni mahali mifupa 3 inapokutana: muundi, mfupa mwembamba ulio upande wa nje, na mfupa mfupi wa chini yake unaobeba uzito wote wa mwili. Mifupa hiyo hukaa imeshikana barabara. Ikihama hata milimita 1, uzito huangukia sehemu ndogo ya kiungo, gegedu linalolainisha mifupa husagika, na baada ya miaka kiungo kinauma kila ukitembea. Mvunjiko ambao haujahama hutibika vizuri kwa hogo. Uliohama na usiotulia huhitaji kurudishwa mahali pake na kushikiliwa kwa bamba la chuma na skrubu.

Siku za kusubiri

Mara nyingi mgonjwa hufika hospitali akitarajia kupasuliwa kesho yake, kisha anaambiwa asubiri wiki 1 au 2. Ndugu huona amepuuzwa. Sivyo. Ngozi ya kifundo ni nyembamba, na ikipasuliwa ikiwa imevimba na kujaa malengelenge, mshono unaweza kushindwa kufunga na vyuma vikabaki wazi. Daktari anasubiri uvimbe upungue hadi ngozi ianze kufanya mikunjo.

Huu ndio wakati wa kulala mguu ukiwa juu kuliko moyo, si juu ya stuli tu. Na ndio wakati ambao mjomba mwenye nia njema hupendekeza mguu uchuliwe au ukandwe kwa maji ya moto. Kataa kwa adabu, lakini kataa. Maji ya moto huongeza uvimbe kwenye jeraha bichi, na kuchua mfupa uliovunjika kunaweza kukata mishipa ya damu na ya fahamu. Usipasue malengelenge wala usipake majani.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia: za presha, za kisukari, za kuzuia damu kuganda, na hata za mitishamba. Hatakugombeza. Anayetumia ARV aendelee nazo. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia, kwa sababu sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona na hushika usaha kwa urahisi. Mvutaji wa sigara aache leo, na mtumiaji wa ugoro naye, kwani nikotini hubana mishipa ya damu inayoupelekea mfupa chakula.

Andaa choo kabla ya kwenda hospitali

Tungeruhusiwa kusema jambo moja tu katika kijitabu hiki, lingekuwa hili. Utakuwa na mguu mmoja wa kusimamia kwa takriban wiki 6, na choo cha kuchuchumaa hakitumiki kwa mguu mmoja. Mgonjwa asiyejiandaa huishia kuukanyagia mguu uliopasuliwa siku ya pili tangu arudi nyumbani, au hujizuia kunywa na kula ili asiende, jambo ambalo nalo humdhuru.

Mwambie fundi seremala atengeneze kiti kizito cha mbao, kikatwe tundu katikati, kisimame juu ya tundu la choo. Wengi hutoboa kiti cha plastiki. Inawezekana, ila kiti kikishatobolewa hupungua nguvu na miguu yake huteleza kwenye saruji yenye maji, kwa hiyo mtu mwenye mwili atafute cha mbao. Pembeni pagongewe mti imara wa kushika unapoinuka. Kama choo kiko nje ya nyumba, au mnashirikiana wapangaji wengi, usiku tumia ndoo yenye mfuniko chumbani. Hakuna aibu hapo. Kuanguka saa 8 usiku kwenye uwanja wenye giza ndiko kutakakokurudisha hospitali.

Bafuni oga umekaa kwenye stuli, mguu umenyooshwa nje ya maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, basi nunua kipande cha nailoni inayouzwa kwa mita, uzungushie hogo utakalofungwa baada ya upasuaji na ufunge juu yake kwa mpira. Hata hivyo usiutumbukize mguu majini. Hogo likilowa hulainika na haliushiki tena mfupa, na kidonda kilicho ndani hubaki na unyevu.

Kitanda kiwe cha kimo ambacho ukikaa, unyayo wa mguu mzima unafika chini. Godoro la sakafuni litakusumbua sana. Ondoa mikeka na mazulia yanayojikunja njiani, na nyaya za redio na televisheni. Mnaoishi ghorofani, fikirieni kuhamia kwa ndugu aliye chini kwa wiki chache.

Kisha liko suala la mtu. Ukiwa na magongo huwezi kubeba hata kikombe cha chai, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Nani atachota maji? Nani atapika, atamwogesha mtoto, atafungua kibanda? Panga kwa majina, tena kwa wiki 6, si kwa wiki ya kwanza ambayo kila mtu anakuja kukupa pole na matunda.

Mazoezi ya magongo yafanywe kabla ya upasuaji, ukiwa bado na nguvu. Juu ya gongo pabaki nafasi ya vidole 2 au 3 chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja, kwani ukiliegemea kwa kwapa utapata ganzi mikononi. Kupanda ngazi, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza magongo na mguu mbovu. Kagua mipira ya chini ya magongo. Ikilika, gongo huteleza kwenye vigae, na mpira mpya ni wa bei ndogo.

Siku yenyewe

Kwa kawaida utaambiwa usile chakula kwa saa 6 kabla ya upasuaji. Uji na chai ya maziwa ni chakula. Maji matupu mara nyingi huruhusiwa hadi saa 2 kabla, lakini ulizia wodini kwako.

Wengi hupasuliwa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Inaogopwa bure, kwa maneno kwamba humwachia mtu maumivu ya kiuno ya maisha. Sindano hiyo ni nyembamba, na kiuno kikiuma huwa ni siku chache. Wachache hupata maumivu makali ya kichwa wakikaa au kusimama. Wewe mwambie nesi, yanatibika. Jambo la kukumbuka ni kwamba ganzi huisha baada ya saa chache na maumivu huja kwa kasi. Meza dawa kwa saa uliyopangiwa, hata kama wakati huo husikii chochote.

Kurudi nyumbani

Usirudi kwa bodaboda. Panda teksi au gari la ndugu, ukae siti ya nyuma kwa ubavu, mguu umenyooka kitini. Aliyetibiwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, na kwao ni Lindi au Songea, ni bora, akiweza, afikie kwa jamaa wa jijini mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14. Saa nyingi ndani ya basi mguu ukining'inia huleta uvimbe na kuongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya kigimbi. Daktari akikuandikia dawa ya kuzuia damu kuganda, imalize.

Siku 10 za kwanza kazi yako ni moja: kulala au kukaa mguu ukiwa juu kuliko moyo kwa sehemu kubwa ya siku. Panga mito, mablanketi, hata mfuko wa nguo chini ya kigimbi, na kisigino kibaki hewani ili kisifanye kidonda. Kila saa ukiwa macho, kunja na kunjua vidole, kaza paja, inua mguu wote uliopasuliwa ukiwa umenyooka.

Kuhusu dawa za maumivu. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki humezwa baada ya kula, na haimezwi pamoja na ibuprofeni. Angalia pakiti unazouziwa dukani, kwani vipo vidonge vilivyochanganywa parasetamoli na diklofenaki, na mtu hujikuta amemeza dozi mara mbili bila kujua. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asinunue diklofenaki wala ibuprofeni bila kumwuliza daktari. Tramadoli haichanganywi na pombe, na hufunga choo: papai, mboga na maji mengi vitasaidia.

Chakula cha mfupa si siri. Maharage, mayai, maziwa, samaki, na dagaa wanaoliwa na miiba yao. Supu ya kongoro tunaisikia kila mahali kwamba huunga mfupa. Ni tamu, haina ubaya, lakini isichukue hela ya maharage na mayai.

Wiki ya tatu

Hapa ndipo wengi hujiharibia. Nyuzi zimetolewa, maumivu yamepungua, wageni wameacha kuja. Nyumbani wanaanza kusema, huyu si amepona? Mgonjwa mwenyewe anajaribu: anakanyaga kidogo akielekea jikoni, haumii, anakanyaga tena. Lakini maumivu hupungua zamani kabla mfupa haujaunga. Katika wiki ya tatu kinachoziba mvunjiko bado ni laini, na kazi yote inafanywa na bamba na skrubu. Chuma kinachobeba uzito wa mwili siku baada ya siku huchoka, kikapinda au kukatika, skrubu zikalegea, na upasuaji ukarudiwa katika hali ngumu zaidi kuliko mara ya kwanza.

Ruhusa ya kukanyaga hutolewa na daktari baada ya picha, mara nyingi kwenye wiki ya 6. Wapo wanaoruhusiwa mapema kwa sababu mvunjiko wao unakubali. Wenye kisukari mara nyingi huongezewa muda, hata mara 2, na wengi wao hawasikii maumivu miguuni, kwa hiyo hawana hata kengele ya kuwaonya. Usijipime na jirani aliyevunjika mwaka jana.

Hogo likiwasha, usichokoe ndani kwa kijiti, waya wala rula. Ngozi ikichubuka humo hakuna atakayeiona mpaka inuke.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, ukiona vidole vimekuwa vya baridi, vya bluu au vimekufa ganzi. Au maumivu yanazidi ingawa umemeza dawa na kuinua mguu, hasa vidole vya mguu huo vinaponyooshwa. Hogo huenda linabana. Homa, harufu mbaya, usaha au majimaji yanayopenya bandeji havisubiri tarehe ya kliniki. Kigimbi kikivimba na kuuma, usikubali kichuliwe, kwani inaweza kuwa damu iliyoganda. Kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, tafuta gari mara moja.

Hogo likitolewa

Utaona mguu mwembamba, mkavu, wenye magamba, na kifundo kigumu kama mlango wenye kutu. Ni kawaida. Osha kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta, na kovu lisuguliwe taratibu likishakauka kabisa. Anza kuchora herufi hewani kwa dole gumba la mguu. Keti umenyoosha goti, pitisha khanga chini ya unyayo, vuta kuelekea kwako, hesabu hadi 30. Fiziotherapia ikiwepo karibu, nenda. Uzito huongezwa kidogo kidogo: magongo 2, kisha 1, ambalo hushikwa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu kama wengi wanavyodhani.

Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea kwa miezi 6, hata mwaka. Viatu vya kufunga kamba vinafaa. Ndala haziushiki mguu.

Anayefanya kazi ya kukaa huweza kurudi baada ya wiki chache akiwa na mahali pa kuinulia mguu. Mama anayesimama jikoni au sokoni, mkulima na fundi ujenzi wahesabu miezi 3 au zaidi. Dereva wa gari aliyevunjika mguu wa kulia kwa kawaida hawezi kufunga breki kwa wepesi wa zamani kabla ya wiki 9. Kwenye pikipiki hakuna mguu wenye nafuu: wa kushoto unabadili gia, wa kulia unakanyaga breki ya nyuma, na wote wawili huzuia pikipiki isilale ukisimama. Jipime hivi: je, unaweza kusimama kwa vidole vya mguu ule mmoja uliopasuliwa, bila kushika ukuta?

Vyuma kwa kawaida hubaki mwilini maisha yote bila tatizo. Huondolewa vikichomoza chini ya ngozi, vikiuma ndani ya kiatu au vikishika usaha, na skrubu inayounganisha muundi na mfupa wa nje wakati mwingine hutolewa baada ya miezi michache. Uliza kabla hujaruhusiwa kutoka wodini kama unayo, na tarehe iandikwe kwenye kadi yako. Kadi hiyo na picha za eksirei zihifadhiwe mahali pakavu, nawe uzibebe kila unapokwenda kliniki.