Somo la Afya: Shimesikio na Prosesa ya Sauti, Kuvitunza Kila Siku Kambini



Katika toleo hili tunazungumzia kifaa kidogo kinachokaa nyuma ya sikio. Baadhi ya watoto wetu wanatumia shimesikio, yaani kifaa kinachokuza sauti. Wengine, nao ni wachache sana, wana prosesa ya sauti, inayofanya kazi pamoja na kipandikizi kilichowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji.

Vifaa hivi ni ghali, na hapa tunapoishi vumbi ni jingi na mvua ni kubwa. Ndiyo maana wazazi wengine huvifungia sandukuni visiharibike, mtoto akavaa siku ya ibada tu au siku ya kliniki. Tunaielewa hofu hiyo. Lakini kifaa kilichomo sandukuni hakimfundishi mtoto neno hata moja. Mtoto hujifunza lugha zaidi katika miaka yake ya kwanza, kwa kusikia maneno yaleyale kila siku: njoo, kula, acha, pole. Kifaa kikiharibika huenda kikatengenezwa. Miaka hiyo ikipita hairudi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mtoto avae tangu anapoamka hadi anapolala, isipokuwa wakati wa kuoga.

1. Asubuhi: pima kwanza

Mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba kifaa kimekufa. Kabla ya kumvalisha, washa shimesikio na ulifumbate kiganjani. Kwa kawaida likipiga mluzi, linafanya kazi. Likikaa kimya, badilisha betri. Betri nyingi za shimesikio huamshwa na hewa. Ukibandua karatasi yake ndogo, subiri kama dakika moja au mbili kabla ya kuiweka. Usibandue kabla ya siku ya kuitumia, kwa sababu ikishabanduliwa inaendelea kuisha hata kama haitumiki.

Likipiga mluzi likiwa sikioni, mara nyingi kipira cha sikioni hakijakaa sawa, au sikio lina nta, au mtoto amekua na kipira kimekuwa kidogo. Usipunguze sauti ukaacha hivyo. Mlete kliniki apimwe kipira kingine.

2. Mchana: vumbi, jasho na mvua

Funga kifaa kwa uzi mfupi wenye kibanio kwenye kola ya nguo, ili kikidondoka kisipotee. Mtoto akitoka jasho, kifute kwa kitambaa kikavu. Kikiloa, toa betri, kifute, kisha kiache wazi kivulini mpaka kikauke. Usikiweke juu ya mafiga wala juani, kwa maana joto huyeyusha plastiki na kuharibu mitambo ya ndani.

3. Usiku: safisha na kausha

Tenga kipira na shimesikio. Kipira peke yake ndicho kinachooshwa, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Puliza maji yatoke kwenye mrija, kisha kiache kikauke hadi asubuhi. Shimesikio lenyewe lisiguse maji kamwe.

Fungua mlango wa betri, halafu weka kifaa ndani ya kopo lenye mfuniko. Tia humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye makopo ya dawa. Weka kopo juu, mbali na watoto.

4. Betri inaweza kuua

Betri hizi ni ndogo na zinang'aa, na mtoto hudhani ni peremende. Akimeza, au akiingiza puani au sikioni, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama halii. Usimtapishe. Usimtie maji wala matone ya dawa puani au sikioni. Betri zilizoisha usizitupe motoni wala jalalani, zirudishe kliniki.

5. Sikio likitoa usaha

Usimvalishe kifaa kwenye sikio hilo, maana kipira huzuia usaha kutoka. Usitie mafuta, maziwa ya mama wala maji ya majani. Mlete atibiwe. Usaha usiotibiwa unaweza kuondoa hata usikivu mdogo uliobaki.

6. Mtoto mwenye prosesa ya sauti

Prosesa hushikana na kichwa kwa sumaku. Ikitolewa au ikizimika, mtoto hasikii kwa kipandikizi hicho, kwa hiyo mwalimu na majirani wajue hivyo, wasidhani ni kiburi. Prosesa imepangwa kwa ajili yake peke yake. Asiazimwe ya mwenzake. Kama betri yake ni ya kuchaji, ichajiwe mapema wakati umeme wa jua upo, na ya akiba iwe tayari.

Mwenye kipandikizi ana hatari zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo. Uliza kliniki kuhusu chanjo yake. Akipata homa kali, kichwa kumuuma sana, shingo kukakamaa au kutapika, usingoje kesho. Vilevile mlete akipigwa kichwani, au ngozi chini ya sumaku ikivimba au kuwa nyekundu. Kabla ya kipimo chochote cha mashine kubwa ya sumaku, mwambie daktari kwamba ana kipandikizi.

7. Wanaosubiri kuhamia nchi ya tatu

Wazazi wengi wanatuuliza: "Tukifika huko, mtoto wetu atafanyiwa upasuaji?" Madaktari wa huko ndio watakaoamua baada ya kumpima. Upasuaji humsaidia zaidi mtoto aliyezaliwa kiziwi akifanyiwa akiwa bado mdogo, na hata hivyo huhitaji miaka ya mazoezi. Kwa hiyo msikae mkingoja. Tunzeni karatasi za vipimo vyake, avae shimesikio lake leo, na nyumba nzima ijifunze lugha ya alama pamoja naye. Lugha ya alama haimzuii mtoto kusema. Inampa la kusema.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

- Jana mtoto wetu alivaa kifaa saa ngapi?
- Nani anakipima asubuhi, mama akiwa kwenye foleni ya mgao?
- Betri zimewekwa wapi, na mdogo wake anaweza kuzifikia?

Kifaa kikinyamaza, njoo kliniki na mtoto pamoja na kifaa chenyewe. Usione haya kusema kimedondoka au kimeloa.